Ndoto si shahidi

Maneno haya yalitolewa kwenye mkutano mkubwa wa chama chetu hapa Kasomeno, kisha maombi ya asubuhi. Mama aliyesema alikubali tuyaandike, ila tumeacha jina lake na la mtoto. Namna yake ya kusema tumeiacha vile ilivyo, kwani njo namna tunasema sisi wote.



Komite iliniomba niseme juu ya ndoto. Mimi siko daktari, siko mchungaji, na sijui kufasiria mutu ndoto yake. Niko mama wa shamba. Nauza unga na makala pale njia panda, pale magari yanapoachana, mengine yanashika njia ya Kasenga, mengine yanapanda Pweto. Wengi wenu munanijua. Lakini jambo nitakalosema leo hamulijui, isipokuwa mama mumoja tu wa komite, na mimi mwenyewe nimeona haya kulisema kwa muda wa mwaka na zaidi.

Nianze na hali niliyokuwa nayo, kwani ndoto haikunikuta nimekaa vizuri.

Ulikuwa mwisho wa mwaka, mvua imeanza. Munajua miezi ile: mahindi ya zamani yameisha, mapya hayajatoka, na bei ya unga inapanda kila juma. Bwana yangu alikuwa amekwenda kuchimba madini, mwezi wa nne sasa hakuna simu, hakuna faranga. Deni la mbegu na mbolea nililokamata hapa kwenye chama lilikuwa limefika siku yake. Kuku wangu walikufa wote kwa juma moja. Na nyumbani niko na mtoto wa marehemu mdogo wangu, kijana wa miaka tisa, anayeniita mama mkubwa. Huyu mtoto alianza kukojoa kitandani kila usiku. Asubuhi nafua, mchana natafuta chakula, usiku silali. Njo vile nilikuwa.

Basi usiku mumoja nikaota.

Niliota niko ndani ya bwato katikati ya ziwa Mweru. Ni usiku lakini maji yanang'aa. Upande wa pili, kwenye mchanga, mama yangu amesimama. Mama yangu alikufa kule Zambia, katika kambi ya Kala, mwaka 2004, na tulimzika kulekule. Katika ndoto amevaa kile kikwembe tulichomzika nacho. Ananiita kwa jina langu la utoto na anauliza: “Mbona muliniacha?” Mimi napiga kasia lakini bwato halisogei. Nikageuka nyuma. Nikaona yule mtoto wa mdogo wangu amekaa mkiani mwa bwato, ameshika kopo. Anachota maji ya ziwa, anayamwaga ndani ya bwato. Anachota, anamwaga. Hasemi kitu. Ananiangalia tu. Maji yakafika magotini, yakafika kiunoni, na mimi nikaamka nikipiga kelele.

Ile ndoto ilirudi mara tatu kwa majuma mawili.

Wandugu, ninyi munaonisikiliza mumeshajua mawazo gani yaliniingia. Kuku zimekufa, bwana amepotea, deni linanifunga, na sasa mama yangu mufu ananionyesha mutu anayezamisha nyumba yangu. Nilieleza jirani. Jirani akasema: “Mama, si umeona mwenyewe? Huyu mutoto njo analeta mambo.” Akanipeleka kwa mutu mumoja wa maombi. Huyo hakuuliza mengi. Alisema mtoto yuko na bulozi, nimulete siku ya Ijumaa, asikule siku tatu mbele ya kuja, na mimi nilete faranga na mbuzi.

Mbuzi sikuwa naye. Faranga sikuwa nazo. Basi nilifanya nini? Nilikuja hapa, kwenye sanduku letu, sanduku lenye mchango wenu na wa wafazili. Nilikuja kwa mama anayeshika sanduku, yule tunayemwita kambo sisi wote, nikamwambia: “Kambo, mtoto anagonjwa, naomba nikopeshwe faranga za matibabu.” Nilisema uongo. Leo naungama mbele yenu.

Kambo akauliza: “Ugonjwa gani?” Nikasema homa. Akauliza: “Kituo cha afya walimupima?” Nikanyamaza. Akaweka daftari chini, akavuta kiti. “Kaa. Sema kweli.”

Nikamweleza yote. Hakucheka, hakunigombeza. Hakusema bulozi haiko, kwani hatukuwa kwenye mabishano ya ile. Aliniuliza maneno matatu tu, na ningependa muyakamate, kwani njo kiini cha maneno yangu ya leo.

Neno la kwanza: “Tuko mwezi gani?”
Nikasema: “Desemba.”
“Na ninyi Pweto mulitoka mwezi gani?”

Wandugu, nilishikwa na baridi. Pweto ilianguka mwanzo wa Desemba ya mwaka 2000. Wengine wenu mulikuwa pale. Munakumbuka waaskari walivyokimbia, na watu pamoja nao, na namna ziwa lilivyojaa mabwato usiku. Miaka yote ile sikupata kuona kwamba kila mvua ya kwanza inaponyesha, mwili wangu unaanza kutetemeka wenyewe. Nilikuwa nasema ni malaria.

Neno la pili: “Katika ile ndoto, ni kitu gani ulishakiona kwa macho, ukiwa hukulala?”

Nikasema ziwa. Nikasema kikwembe cha mama. Kisha nikasema kopo, na hapo nikaanza kulia. Kwani usiku tulipovuka Mweru, bwato letu lilikuwa linaingiza maji. Tulikuwa wengi kupita kipimo. Mdogo wangu mwanaume, wa miaka tisa, alipewa kopo la maziwa, na usiku muzima alichota maji, akiyatupa inje. Alichota mpaka mikono ikavimba. Njo yeye alituokoa. Na kule Kala hakumaliza mwaka wa kwanza. Alikufa na kuhara. Tangu ile siku sikutamka jina lake. Sikumweleza hata bwana yangu. Na sasa niko na mtoto mwingine wa miaka tisa ndani ya nyumba, wa damu ile ile, mwenye sura ile ile.

Neno la tatu kambo aliuliza ni hili: “Kama usingeota ile ndoto, huyu mutoto amekukosea nini?”

Nikatafuta. Anakojoa kitandani. Hiyo tu. Maji anateka. Kuni analeta. Masomo anasoma. Hakunikosea kitu.

Kambo akasema: “Basi ile ndoto ni yako. Usimubebeshe mutoto.”

Faranga hakunipa. Alinisindikiza mpaka nyumbani. Tulipofika, mtoto hayuko. Nyuma ya nyumba, chini ya majani, tulikuta mfuko: daftari moja, shati, na kipande cha muhogo wa kupika kilichofungwa kwenye karatasi. Tulimkuta njia panda, karibu na magari ya makala. Alikuwa ameuliza dereva bei ya kufika Lubumbashi. Nilipomshika mkono aliniambia: “Mama mukubwa, nilisikia. Ijumaa.”

Alikuwa amesikia yote usiku kupitia ukuta. Mtoto ambaye hajaelezwa kitu, anajua siku.

Wandugu, tufahamu tulikuwa tunasimama wapi mimi naye. Lubumbashi iko na watoto wa barabarani, wanaolala sokoni na karibu na gare. Mwaka 2006 watu wa Human Rights Watch waliandika juu ya watoto wa namna hiyo katika miji ya Kongo, na Lubumbashi ilikuwa kati yao. Wengi walikuwa wamefukuzwa na jamaa zao kwa kuitwa walozi. Wengine walishindishwa na njaa na kupigwa ndani ya vyumba vya maombi. Mimi nilikuwa nimebakiza siku mbili tu. Na kila mama aliyefanya vile, nafikiri, alianza kama mimi: shida nyingi, usingizi mudogo, na ndoto moja.

Tujue pia sheria. Katiba ya inchi yetu ya mwaka 2006, kifungu cha 41, inakataza kumshitaki mtoto bulozi, na sheria ya tarehe 10 Januari 2009 ya kulinda watoto inaweka azabu ya kifungo. Ndoto haitakusaidia mbele ya tribinali. Hakuna hakimu atakayeandika kwamba shahidi ni ndoto ya mama.

Sasa wengine watauliza: je, unataka kusema ndoto ni bure? Hapana. Mimi ni mutu wa kuomba, na Biblia imejaa ndoto. Lakini tusome vizuri. Mwanzo sura ya 41, Farao aliota ng'ombe na masuke. Yusufu alipomfasiria, hakumtafuta mutu wa kuazibu. Alisema tuweke akiba ya chakula, njaa inakuja. Ile ndoto ilizaa ghala. Na mbele ya ile, sura ya 37, Yusufu akiwa kijana alieleza ndoto zake mbele ya ndugu wenye wivu, wakamtupa shimoni. Kwa hiyo chagua masikio ya kuelezea.

Na kuna Yusufu mwingine, ambaye kwangu ni mzee wa sisi wote tuliokimbia na kurudi: Yusufu bwana wa Maria. Mathayo sura ya pili. Kwa ndoto alikimbia na mtoto kwenda Misri. Kwa ndoto aliambiwa arudi. Lakini alipofika njiani, alisikia habari kwamba mwana wa Herode njo anatawala, akaogopa, na kwa ndoto tena akapita kwenda Galilaya. Muone: alisikiliza ndoto, alisikiliza pia habari za inchi. Na ndoto zake zote zilikuwa za kumlinda mtoto. Ikiwa ndoto yako inakutuma kumuumiza mtoto, uiulize mara mbili imetoka wapi.

Muhubiri naye, sura ya tano, anatukumbusha kwamba shughuli nyingi zinaleta ndoto. Maneno ya zamani, lakini ni kama alikuwa anajua deni langu la mbolea.

Hata wazee wetu wa Jamaa, ule mwendo ulioanza Kolwezi na Padri Placide Tempels miaka ya 1950, waliheshimu sana ndoto. Lakini mutu hakukaa na ndoto yake peke yake. Aliipeleka kwa baba na mama waliomtangulia, wakaipima pamoja. Na kule Kala, jirani yangu Muislamu alinieleza kwamba kwao ndoto ni aina tatu: nzuri inatoka kwa Mungu, ya kutisha inatoka kwa Shetani, na nyingine ni mawazo ya mutu mwenyewe ya mchana. Na ile mbaya usiitangaze ovyo. Nimeona kwamba kila upande wazee walijua jambo hili moja: kuwe na mutu katikati ya ndoto na tendo.

Watu wa afya wako na maneno yao pia, na mimi nilikwenda kuyauliza. Waliniambia kwamba mutu aliyepita vita, ajali au kifo cha wapenzi, anaweza kuota mambo yale miaka mingi baadaye, zaidi wakati wa shida mpya au siku ile inapozunguka tena. Haiko wazimu, na haiko bulozi. Homa ya malaria inaleta ndoto kali. Dawa fulani nazo: ile efavirenz, ambayo wagonjwa wengi wa virusi walikunywa kwa miaka, inajulikana kwa kuleta ndoto za nguvu sana. Ukiwa kwenye dawa na usiku wako umeharibika, usiache dawa kwa kichwa chako. Uende uulize pale walipokupa. Na mtoto anayekojoa kitandani, inaweza kuwa woga, huzuni, au ugonjwa wa kutibu. Kijana wangu alikuwa ameondokewa na mama yake, kisha na bwana yangu aliyekuwa kama baba. Alikuwa anaota naye. Hakuna aliyemuuliza.

Walinifundisha pia jambo moja la kufanya, na limenisaidia. Mchana, ukiwa umetulia, uchukue ndoto ile inayorudi, uielezee tena, lakini uipe mwisho mwingine, unaoutaka wewe. Kisha kila siku, dakika chache, uipitishe moyoni na mwisho ule mpya. Mimi nilifanya hivi: niko ndani ya bwato, mama ameniita, maji yameingia. Nageuka nyuma, mtoto ameshika kopo. Nachukua kopo la pili. Tunachota sisi wawili, tunatupa inje, mpaka asubuhi. Nilifanya vile kila siku kisha kutwanga. Ndoto ilirudi mara mbili tena, ikiwa imepungua nguvu. Tangu Pasaka sijaiona.

Lakini swali la mama yangu, “Mbona muliniacha”, lile lilibaki. Tulirudi mwaka 2008, wakati HCR ilipokuwa inarudisha watu. Tulipanda na mabidoni, na vyungu, na magodoro. Kaburi haupandishi kwenye gari. Wengi wetu tuko na watu Kala, wengine Mwange, na hatukuwahi kumaliza kilio chao vizuri. Nilimweleza kambo, na wanawake wa kikundi chetu wakasema tufanye matanga hapa. Tulipika bukari na sombe, samaki kidogo. Tuliomba. Kila mutu alitaja majina ya wale aliowaacha upande ule. Mimi nilitaja jina la mama, na kwa mara ya kwanza jina la mdogo wangu wa kopo. Kijana aliniuliza: “Huyo ni nani?” Nikamweleza usiku muzima. Sasa anajua kwamba mjomba wake, akiwa na miaka yake, aliokoa watu kwenye ziwa.

Nisiwadanganye kwamba kila kitu kimenyooka. Bwana yangu alipiga simu mwezi wa pili, bila faranga. Deni langu komite ililisogeza mpaka mavuno, na nimelipa nusu. Kijana bado anakojoa mara moja moja, zaidi kukiwa na ngurumo. Jirani yule hanisalimii vizuri. Na kama mama yangu aliniita kwa kitu kingine nisichokijua bado, Mungu njo anajua.

Naomba sasa mambo machache, kisha nikae.

Kwenu wanamemba: mutu akikueleza ndoto ya kutisha, usikimbilie kumtajia mutu. Muulize vile kambo aliniuliza. Tuko wakati gani? Ni kitu gani ndani yake ulishaishi? Yule uliyemuona amekukosea nini mchana? Ungoje siku tatu mbele ya kufanya lolote. Na ukiona mama anakuja kuomba faranga huku macho yameingia ndani, usiandike tu daftari. Uvute kiti.

Kwa komite: naomba Desemba tuikumbuke. Kila mwaka, juma la kwanza, tukusanyike kutaja majina, wa Pweto na wa kila pahali mulikotoka. Haiombi faranga nyingi: chungu kimoja cha sombe na maombi. Na kambo atafutiwe wanawake wengine wawili wa kusaidiana naye kusikiliza, kwani anazeeka na watu wanazidi kumfuata usiku.

Kwenu wafazili: mulitusaidia mbegu, mabati, na sanduku la kukopeshana, na tunashukuru kweli. Mutakapouliza sanduku limefanya nini, komite itawaonyesha magunia na hesabu. Mimi nawaomba muandike na hii: kuna mkopo mumoja ambao sanduku lilikataa kutoa, na juu ya ule, kuna mtoto mumoja aliyelala nyumbani siku ya Ijumaa akiwa ameshiba. Mukiweza, mutusaidie pia nauli ya kumfikisha mutu wa afya ya akili huku kwetu mara kwa mara, kwani kambo hawezi yote, na Lubumbashi ni mbali kwa mutu asiyelala.

Yule kijana yuko pale nje anachunga viti vyenu na makinga yenu. Nilimuuliza mbele ya kuja kama naweza kueleza. Alisema: “Eleza, lakini usiseme naogopa ngurumo.” Nimeshasema. Mutanisaidia kumuomba musamaha.